Mabaki ya Satini

Katika kopo la maziwa ya unga
nina vyambo kumi na kimoja, vyote vya uongo.
Hiki ni mpini wa kijiko, nimeutoboa kwa msumari.
Huu unyoya wa jogoo wa jirani, asiyejua
kwa nini jogoo wake anawika na mkia nusu.
Na hivi vitatu, vinavyong'aa hata kivulini,
ni satini ya rangi ya fedha iliyobaki
nilipomshonea Tabu Mwinyipembe gauni la harusi.
Harusi yenyewe haikuifikia Ijumaa yake.
Gauni liko kwangu bado, msumarini, nyuma ya cherehani.

Mvua ikinyesha Pugu, usihangaike na fedha.
Msimbazi hushusha maji ya rangi ya chai ya maziwa
na kibua haoni hata pua yake.
Funga unyoya mweupe, mnene kidogo,
uvute polepole, umpe muda wa kupapasa.
Maji yakitakata, geuza: kitu chembamba,
kisichozidi kidole cha mwisho,
mfano wa uono aliyepotezana na wenzake.
Rusha mbali, hesabu hadi tano kizame,
kisha vuta, acha. Vuta, acha.
Ni pale unapoacha ndipo anapouma. Sijui kwa nini.
Pazi anasema samaki hana njaa, ana wivu tu.
Pazi anasema mengi, na ndoo yake huwa nyepesi.

Jumapili Tabu alikuja kwenye mawe ya Ocean Road,
viatu mkononi, kanga imelowa hadi magotini.
Hakusema habari ya gauni wala deni la gauni.
Jua lilikuwa halijazivuka meli zilizotia nanga.
Akachungulia kopo. Akakitambua kitambaa.
Nikataka kufunika, akanizuia mkono.
"Nipe hicho."

Mtupo wa kwanza uliishia kwenye mwani.
Wa pili ulinikosa sikio.
Wa tatu akahesabu kwa sauti, kama mtoto wa chekechea,
akavuta, akaacha,
na mshipi ukamkata kidole kabla hajajua kuogopa.
Kibua! Mgongo wa kijani, tumbo la shilingi mpya,
anatetemeka juu ya jiwe kama simu isiyopokelewa.
Wakaja wengine, wanne, watano. Kundi lilikuwa linapita,
na uono wakiruka mbele yake kama mchele unaopepetwa.

Satini ikachanika, ikabaki uzi na ndoana.
Tabu akanyonya kidole chake,
akamtazama samaki wa mwisho machoni, muda mrefu.
"Na huyu naye aliona kinang'aa," alisema,
bila kucheka, bila kulia.
Akawatia kwenye mfuko, akapiga fundo,
akapanda hadi barabarani, kisha akageuka:

"Ile mikono ya gauni, ikate.
Kifua kiache kwanza."