Kikombe

Kioo kilipozima tulidhani stima imepotea.
Lakini feni iliendelea kuzunguka juu ya vichwa vyetu,
na majina yakaanza kupanda, meupe, kama mchwa ukutani,
ndipo Nyakwaka akasimama juu ya benchi, helmeti kwapani,
akadai arudishiwe shilingi zake thelathini.

Mimi ndiye mkusanya pesa mlangoni pa Odindo,
hapa Obunga, nyuma ya wakaanga mgongo wazi.
Basi ni mimi niliyeulizwa:
alifungua, au hakufungua?

Mjane. Nyumba ya mbao. Usiku baada ya usiku
marehemu anabisha. Haombi roho ya mtu,
anaomba maji.
Usiku wa saba mjane anachota, anashika komeo,
kikombe kinamponyoka,
giza.
Hatukusikia kikivunjika.

Mudeizi muuza mayai aliapa: alifungua!
Kikombe cha udongo kisichovunjika kimedakwa,
na mkono uliokidaka haukuwa wake.
Ogwel, mwalimu wa fizikia, akacheka hadi akakohoa:
sauti imekatwa pamoja na picha, jamani,
kikombe kingali hewani, kitakaa hewani milele.
Nyakwaka hakutaka cha udongo wala cha hewani.
Hadithi isiyofika, alisema,
ni abiria anayeruka kwenye matuta bila kulipa.

Odindo akairudisha nyuma dakika ile. Mara ya pili.
Mara ya tatu hata Ogwel akanyamaza:
chini ya mlango, pale upenyo wa mwanga,
kulikuwa na vivuli viwili vimesimama sambamba,
au ni vumbi la kioo chetu,
ambacho sijakipangusa tangu Pasaka.

Saa sita nikafunga. Nikaenda nyumbani
na harufu ya mafuta ya samaki begani kama kanga.

Mama amelala.
Mezani kuna kikombe cha bati, cha buluu,
kimejaa, kimefunikwa kisahani.
Kila usiku, tangu tumzike baba kule Alego.
Sijawahi kumuuliza, naye hajawahi kunieleza;
tunakipisha tu tukipanga sahani, kama mgeni aliyesinzia.
Asubuhi maji huwa yamepungua upana wa kidole.
Joto la Kisumu, angesema Ogwel.
Na kisahani je?
Kisahani kina ufa, angesema.
Na kweli kina ufa.

Kesho Nyakwaka atakuja na helmeti yake.
Nitampa thelathini zake kutoka mfukoni mwangu,
nimwambie sijui, mimi hukaa mlangoni,
filamu naiona kwa ubavu.

Sasa hivi nimekaa gizani, koo limekauka
kwa kubishana na watu wazima.
Maji yapo pale, mkono unafika.
Mbwa wa jirani amebweka mara moja, akaacha.
Nina kiu.
Siyanywi.