Ruhusu

Nilikopa elfu hamsini, za zipu, uzi na bitana.
Sare za shule zilikuwa zimeagizwa,
malipo ya korosho yamesogezwa mbele tena.
Simu ikauliza: Ruhusu?
Nikabonyeza, kama unavyomwambia mtoto haya, haya,
pini zikiwa mdomoni.

Kwangu hapa Newala mlango ni pazia la kitenge,
na hakuna aliyewahi kuingia bila hodi.
Hata mkusanya ushuru husimama nje akakohoa.
Hawa hawakukohoa.

Iliingia thelathini na nane.
Ile kumi na mbili labda ilikuwa nauli ya pesa yenyewe.
Siku ya nane, alfajiri, wakaanza.

Walimwandikia Mama Mkwe.
Walimwandikia Maji Boza, na Mwalimu wa Fadina,
na Dokta wa Uvimbe, ambaye hata mume wangu hajui kama ninaye.
Walimwandikia Usipokee.
“Somoe Likapa ni mdaiwa sugu. Wewe ni mdhamini wake. Mwambie alipe.”

Mchana wateja wawili wakafuata vitambaa vyao, havijakatwa bado.
Walisema wana haraka.
Sikuwajibu. Vipimo vyao ninavyo daftarini,
vifua, viuno, nyonga za mtaa mzima, miaka kumi na mmoja,
na sijamwambia mtu
nani ameongezeka inchi nne, nani anapungua kila mwezi.

Jioni ikapiga namba iliyoandikwa Baba.

Baba tulimzika Kitangari, mwaka wa tatu huu.
Namba sijaifuta. Nani hufuta?
Ilikuwa sauti ya kijana: “Dada, samahani,
laini hii nimeisajili mwaka jana, niko Liwale.
Nimeletewa deni lako. Nikawajibu simjui huyu.
Wakaniambia, wewe ni baba yake.”

Tukanyamaza wote wawili, salio lake likienda.

Deni nimelipa. Programu nimeifuta.
Lakini korosho zangu, hata gunia moja,
zikiingia ghalani napewa stakabadhi:
kilo kadhaa, daraja fulani, sahihi ya karani.
Majina mia mbili na tisa yameingia ghala la nani?
Nikaonyeshe karatasi gani, mlango upi,
nidai kurudishiwa Baba?

Yule kijana, kabla hajakata,
aliniambia anaitwa nani.
Sikuliandika popote. Hata hapa.