K ya Mti

Kasha la herufi lilishuka stesheni limejaa e,
e za kutosha gunia,
maana waliozimimina kalibuni waliijua lugha yao tu.
K walitia kiganja kimoja. W, pungufu ya hapo.
Nani angewaambia kwamba huku kwetu
mtu akitaka kwenda kwake kukaa na kakaye
k zinakwisha kabla hajafika mlangoni?

Nahashoni Kirubi, mpangaji herufi
katika chapa ya Popatlal, Barabara ya Grogan,
mlango wa tatu kutoka kwa fundi wa baiskeli,
alilijua hilo siku ya tangazo la kwanza la Kiswahili.
Mstari wa nne, vidole vikaingia kisandukuni
vikatoka na vumbi.
"Tia c," alisema Popatlal, macho kwenye daftari la madeni.
"Watasoma tu."
Akatia c. Likatoka tangazo la cazi, la cesho asubuhi.
Usiku huo hakula.

("Mtu akose usingizi kwa sababu ya herufi!"
Bibi Nyaguthii akifika hapa aliacha kuchambua maharagwe,
akacheka, kisha akaacha kucheka.)

Aliazima kisu kwa mshona viatu,
akapata kijiti cha mzeituni mwitu, kigumu kama mfupa,
akachonga k arubaini kwa mwanga wa koroboi,
kila moja kinyume, miguu ikielekea kushoto,
kwa sababu mpiga chapa husoma dunia kwa mgongo wake.

Zilikuwa nene kuliko za risasi.
Zililamba wino kama mbuzi anavyolamba magadi,
na kwenye ukurasa zilisimama nyeusi zaidi,
kama mtu aliyekohoa katikati ya sala.
Kadi ya harusi, ratiba ya mazishi, mnada wa ng'ombe:
Shauri Moyo walitazama mara moja tu, wakasema,
hii ni mkono wa Nahashoni.

Halafu ukaja ule mwezi wa Oktoba
na karatasi moja, upande mmoja, haina jina wala anwani,
imebandikwa alfajiri kwenye kuta za Pumwani.
Nilipouliza iliandikwa nini
Bibi alisema: ilikuwa na k nyingi.

Inspekta hakujua Kiswahili cha kuombea maji,
lakini alikuwa na kioo cha kukuzia.

"Risasi mmeficha wapi?"
"Hatujaficha, bwana. Zimo kashani, kwa mpango wa alfabeti."
Alisema kweli, na kwa kweli hiyo
walimvunja meno mawili.
Wakaumwaga mpango wote sakafuni, e zikabingirika hadi barabarani,
na miaka mingi baadaye watoto wa fundi wa baiskeli
waliziokota mtaroni, wakazifanya chambo za kamba zao za kuchezea.

Mwalimu wa historia alitupa kazi:
tajeni watu mashuhuri wa siku za mwanzo za uchapaji.
Niliwaandika wote, wenye ndevu, wa miji yenye baridi,
na chini nikaongeza Kirubi, Nahashoni.
Akaweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu.
Sikumlaumu. Hata mimi ninayo.

Kwa maana Babu alirudi, miaka sita, mikono ikitetemeka,
akafungua kibanda cha kuuza mkaa,
na hakuna aliyemsikia akisema ni yeye, wala si yeye.
Ufunguo wa chapa ulikuwa kwa Popatlal pia.
Kasha lilikuwa wazi kwa mkono wowote uliopungukiwa.

K moja ilibaki, kwenye upindo wa koti.
Bibi aliitumia kila mwezi, bila maneno:
akiugawa mche wa sabuni aliigandamiza juu ya kipande chake,
ili kule kwenye bafu la jumuiya
wenzake wajue cha nani.
Ilitoka wima, miguu kulia,
na sabuni ilivyopungua
ndivyo nayo ilivyofifia.