Neno Lenye Kisigino

Litamke polepole: tramp.
Ulimi unabisha hodi kwenye ufizi,
midomo inaufungia mlango.

Lilizaliwa kwenye pwani ya baridi, kaskazini mwa Ujerumani,
na halikuwa na kosa.
Lilimaanisha kukanyaga. Basi.
Matope, theluji, na kabichi ndani ya pipa, nadhani,
mtu na soksi zake, akihesabu.
Hata lilipovuka maji kwenda Uingereza
lilibaki kishindo, miaka na miaka,
kishindo kisicho na mwenyewe.

Kisha wakamtafuta wa kumvika.

Obadiah Threlkeld alikuwa mwashi wa kuta za malisho,
zile za mawe matupu, bila chokaa, bila udongo,
jiwe likishikwa na uzito wa mwenzake.
Novemba ile kazi ilikatika. Akatoka Penrith kwa miguu,
akapanda Stainmore, akapita ukuta wake mwenyewe kwenye ukungu
na kuupapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemuuza.
Darlington, kwenye nyumba ya mafukara,
walimchukulia tumbaku, wakamwogesha
kwa maji yaliyokwisha kuogwa na watu tisa.
Karani aliuliza kazi yake. Akasema: mwashi.
Karani akaandika lile neno.

Asubuhi akapewa nyundo. Avunje mawe
mpaka yapite kwenye tundu za wavu wa chuma,
ndipo afunguliwe.
Mtembezi hula miguu yake, twasema.
Yeye alipewa kipande cha mkate,
na miguu akaambiwa aondoke nayo.

Meli nazo zikaitwa hivyo,
zile zisizo na ratiba, leo makaa, kesho kinyesi cha ndege.
Hakuna aliyezivunjisha mawe.

Loretta Sprague, huko Ohio, hakwenda popote.
Kiwanda cha vigae, nyumbani, kiwandani.
Jumamosi mbili tu alirudi usiku wa manane
na mwanamume mwenye gari,
na jirani, akikung'uta zulia, akalitema neno lilelile.
Obadiah aliitwa hivyo kwa kukosa mlango.
Loretta, ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Nisicheke. Kwetu nako kutembea si neno,
lakini ongeza "na", silabi moja,
ndoa ya watu imevunjika.
Na askari anayekuuliza unazurura nini hapa
hangoji jibu, anatazama viatu.

Leo Jumapili. Wahasibu kutoka Leeds
wamevaa buti za pauni mia mbili, wanapanda Stainmore,
na matembezi yao wanayaita kwa neno hilo,
kwa furaha, mashavu mekundu, chai kwenye chupa.
Mmoja anachechemea. Anaketi juu ya ukuta
ambao haujui jina la mtu,
anavua buti, analigeuza, analigonga.
Inaanguka kokoto,
ndogo kiasi cha kupita kwenye wavu.