Daftari la Bendi

Jalada limeliwa na mende, lakini mwandiko ni wangu:
miaka kumi na saba, Makupa, nyumba ya nyuma ya msikiti,
na ni mimi tu niliyejua kugawanya kwa nne.

Ukurasa wa kwanza. Nyuzi za gita, shilingi kumi na nane.
Gita la kaka yangu Shekuwe, alilichonga kwa mlango wa kabati,
mama akawa anaweka leso zake kwenye sanduku la chai.
Besi, Kustodio wa Ganjoni, fundi cherehani.
Ngoma, Dzombo Mwakalu: chapuo, vumi, na pipa la rangi ya meli.
Zumari, Bakathiri, aliyetimuliwa harusi tatu
kwa kupuliza asichoagizwa.

Ukurasa wa nne, wino wa kijani: Mskochi, soda mbili, hajalipa.
Huyo ni Tulloch, fundi wa kreni Kilindini.
Alikuja na mfuko wa ngozi kwapani, umechomekwa mabomba.
Akaubana. Ukalia kama mbuzi aliyeona kisu,
kisha ukashika sauti moja isiyopumua.
Bakathiri alicheka hadi akakaa chini.
Akanyamaza. Akasema, "Huyu ni zumari.
Alipotea ugenini akaota kitambi."

Tangu siku hiyo nikagawanya kwa tano.

Palikuwa na wimbo wa kwao, wa polepole.
Shekuwe akataka maneno. Tulloch, kwa Kiswahili cha bandarini:
bibi kizee. Nyumba imechomwa. Kondoo wanataka majani.
Dzombo akaweka vijiti chini.
"Kwetu," akasema, "ulikuwa mkonge."
Usiku ule waliupiga mara sita,
na sikuandika gharama yoyote,
hata ya mafuta ya taa.

Kurasa za katikati zimenona. Hoteli ya Nyali,
mia mbili, mia tatu, mashati matano ya maua.
Meneja alitaka nyimbo za tabasamu, wakampa.
Amplifaya ya mkopo ilikula kila mwezi kabla ya watu.
Ule wa bibi kizee ukawa wa jikoni,
wakiwapigia wapishi, milango imefungwa.

Kisha mkono wangu unaharakisha.
Shekuwe, nauli ya Dubai.
Kustodio, ugomvi wa kipaza sauti, basi.
Tulloch, mkataba umekwisha; mfuko kamwachia Bakathiri.
Mafuta ya nazi ya kulainishia ngozi, senti themanini.
Mafuta ya nazi.
Mafuta ya nazi.
Ngozi ya baridi haikulijua joto letu. Ilipasuka Ramadhani,
na Bakathiri meno ya mbele yalishamtoka.

Kanda imebaki moja. Upande wa pili
mtu alirekodi mpira juu yake.

Wajukuu wanahesabu vichwa pichani: watano.
Ni kweli, picha ina watano.
Lakini mia tatu na nne kwa tano ni sitini, baki nne,
na baki haimo daftarini.
Niliila viazi karai pale Mwembe Tayari,
peke yangu, nikizidisha ukwaju.