Siagi Utosini

Mwalimu Zdenka, mjane wa Kisia wa Mbale,
hutufunza Kijerumani juu ya duka la dawa, Kondele,
manesi kumi na mmoja, Jumanne na Alhamisi.
Akichoka, Kicheki humponyoka.

"Kocovina," alisema, akijishika kipaji:
ile asubuhi ya baada ya pombe.
Ndani ya neno mna paka dume.
Mjerumani naye anamfuga yuleyule, Kater.
Khayumbi akacheka: sisi hatumfugi,
tunatafuta glasi moja ya kutoa loku.

Siku tuliyotoka kapa kwenye sarufi, akatutuliza:
Mjerumani asipoelewa husema
haya kwangu ni vijiji vya Bohemia.
"Bohemia ni kwetu. Nimezaliwa humo.
Kuna kanisa, kuna bwawa la samaki, watu wanaelewana.
Na sisi tusipoelewa, tunasema kijiji cha Uhispania."
Na Mhispania je?
"Humtwika Mchina."
Nikawaza: iko siku Emuhaya, kwa mama,
patakuwa giza kinywani mwa mtu nisiyemjua.

Tukampa letu, mkono wa birika.
Akauchora ubaoni, umekunjwa kiunoni,
haunyooki kutoa,
akacheka hadi miwani ikamdondoka.

Lakini lililonifuata nyumbani ni la siagi.
Máslo na hlavě. Butter auf dem Kopf.
Lugha mbili, donge moja:
mwenye siagi kichwani asitoke juani,
hatia itayeyuka, imchuruzike mbele za watu.

Jumamosi nikaenda Emuhaya.
Mkobani mna viza, na tiketi ya tarehe tisa.
Mama kibarazani, kibuyu mapajani,
chu, chu, chu,
mdundo niliousikia kabla sijazaliwa.
Nikasema mvua imechelewa.
Nikasema mahindi ya jirani yamepiga hatua.
Akasema siagi imeshika.

Akachovya vidole viwili,
akanivua kitambaa,
akanipaka utosini kama mtoto wa mapunye,
taratibu, akizunguka, akizunguka,
wala hakuniuliza kitu.

Mama hajui Kijerumani.

Saa saba mchana akafunga mlango.
"Twende," akasema, "nikusindikize hadi barabarani."
Njia yote ile
haina hata mti mmoja.