Nimekuja Kuulizia Beseni

Mjukuu wangu Sauda kanilipia kiingilio,
kanishika mkono, "Bibi, angalia ngazi,"
kana kwamba ngazi hii siijui.
Naijua.
Ya tatu kutoka chini ina pengo,
nilijikwaa hapo na shida zangu
mwaka ule sukari ikiwa ya foleni
na mimi nikiwa bado na miguu.

Sasa wamepaka chokaa. Wameweka taa ndogondogo
zinazoinamia picha kama wauguzi.
Kijana mwongozaji, jina lake Gaudensi,
ana shati la pasi na sauti ya taarifa ya habari:
"Kuta hizi ni mawe ya matumbawe,
juu pale ni boriti za mikoko.
Alikuwapo Mwarabu, akaja Mjerumani, akaja Mwingereza..."
Anawataja kama mwalimu anayeita majina asubuhi,
na kila mmoja anaitika kutoka kwenye fremu yake.

Nasubiri afike kwangu.
Hafiki.

Chumba hiki chenye ramani kilikuwa cha faini.
Jumanne moja mgambo walinikuta pale ng'ambo ya barabara,
vitumbua vya moto, ishirini na vinne vimebaki,
wakabeba na beseni: la bati, jeupe,
ukingo wa bluu, limebanduka rangi mahali pamoja
pana umbo la sikio.
Nililifuata siku tisa.
Njoo kesho. Karani katoka. Una risiti?
Risiti ya kunyang'anywa nani huiandika?

Ramani ni nzuri, sikatai.
Mitaa imenyooka kama nywele zilizochanwa na mama mkali.
Natafuta nilipokaa. Naweka ukucha.
Ukucha unafunika kona yote:
mimi, jiko langu, Bi Mwanjaa wa karanga,
na yule fundi viatu aliyetupigia mluzi
kabla mgambo hawajatokeza.
"Bibi, tafadhali, haiguswi," anasema Gaudensi, kwa adabu.
Naondoa kidole. Kona inabaki nyeupe.

Tukafika dirishani.
"Na hapa," akasema, "mnaona kizingiti kilivyolika.
Ni upepo wa chumvi, kutoka baharini."
Wageni wawili wakaupiga picha upepo.
Mimi cheko likanitoka kama chafya.
"Mwanangu, chumvi gani hiyo inayochagua pa kula?
Tazama: mashimo mawili, yameachana upana wa mabega.
Hivi ni viwiko.
Vyangu, vya aliyekuwa mbele yangu,
vya mwenye kesi ya kiwanja, vya mwenye leseni ya baiskeli,
vya yule mama wa cheti cha kifo
aliyekuwa akisahau kila mara jina la pili la marehemu.
Sote tuliegemea hapa
tukimwambia mtu asiyeinua uso: samahani, mzee."

Nikaweka vyangu. Vikakaa
kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Gaudensi hakusema haiguswi.
Alitazama jiwe, akatazama karatasi yake,
akaigeuza, nyuma palikuwa patupu.
"Ulisema siku ngapi?"
"Tisa."
Kalamu ikagoma. Akaipulizia pumzi, akaandika.
Sijui kama kesho atawasomea wengine
au itafuliwa mfukoni mwa shati hilo.

Sauda ananiharakisha, ana miadi Mnazi Mmoja,
lakini nimerudi kwa binti wa tiketi.
"Mwanangu, naomba risiti."
Akashangaa, akatafuta kitabu, akapangusa vumbi,
akaandika: Mwanakombo binti Mwinshehe,
mtu mmoja, imelipwa.
Nimeifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

Hiyo ni ya leo.
Beseni bado nalidai.